Jani lililolowekwa au ladha ya maabara? Likidi, tambi na waya kwa mvutaji wa Lubumbashi

Jirani yangu hapa Kamalondo alikuja karakana mwezi wa tano, mkononi ana chupa mbili ndogo. Zote mbili zimeandikwa tumbaku. Likidi ya moja haina rangi, inaangaza kama maji safi. Ya pili ina rangi ya chai iliyokolea. Alikuwa amevuta pakiti moja kwa siku kwa miaka 16, na sasa amenunua mashine ndogo ya mvuke ili aache sigara. "Yaya," akasema, "niambie, nibakie na ipi?"

Nikamwuliza: "Pamba utakuwa unaibadilisha kila baada ya siku ngapi?"

Alidhani nimekwepa swali lake. Sikulikwepa. Ndani ya mashine hiyo betri inapasha moto waya uliozungushwa, ndiyo koili, na pamba iliyopita katikati yake ndiyo utambi unaovuta likidi kutoka kwenye tangi. Kazi yangu ni kubobina, yaani kuzungushia waya mpya, mota za pampu na za vinu vya mahindi, kwa hiyo waya unaopata moto ninaufahamu vizuri. Nami pia nilivuta sigara miaka mingi, nikaiacha kwa mashine ya aina hiyohiyo. Nilichojifunza ni kwamba watu huchagua likidi kwa ulimi peke yake, kisha utambi unawaadhibu. Chagua kwanza kazi uliyo tayari kuifanya kwa mikono yako, halafu likidi itakayolingana na kazi hiyo.

Neno moja kabla ya yote. Haya ninamwandikia mtu mzima anayevuta sigara tayari na anatafuta kutoka humo. Nikotini inafunga mtu, iwe kwa moshi au kwa mvuke, na mvuke wenyewe si hewa safi. Asiyevuta asianze. Mama mjamzito na kijana wa shule hawana chochote cha kutafuta kwenye mashine hii.

Chupa nyeusi na chupa nyeupe

Likidi ya jani, ile yenye rangi ya chai, hutengenezwa kwa kuloweka. Anayejua munkoyo ameshaelewa nusu ya habari. Mizizi inapondwa, inatiwa kwenye uji wa mahindi, inakaa. Mwisho unachuja, mizizi inatoka, lakini kazi yake imebaki ndani ya kinywaji. Tumbaku nayo hulowekwa hivyo kwenye propileni glikoli au gliserini, vimiminika viwili vinavyotoa mvuke, au kwenye pombe safi, kwa siku au kwa majuma, wengine kwa baridi na wengine kwa joto la kadiri. Ikishachujwa, ule mchuzi mweusi huchanganywa na glikoli na gliserini zaidi, pamoja na nikotini iliyopimwa.

Likidi ya maabara, ile isiyo na rangi, haijawahi kukutana na jani. Mtengenezaji huchukua molekuli moja moja: asetilipirazini kwa harufu ya karanga na nafaka iliyokaangwa, vanilini, maltoli ya ethili kwa utamu wa sukari iliyoungua, na nyingine za maua na za mbao. Akizipanga kwa ufundi, pua inasema "tumbaku".

Kwa ulimi, chupa hizi mbili zimeachana mbali. Ya maabara inafanana na harufu ya pakiti mpya ukiifungua: tamu, laini, ileile tangu mvuto wa kwanza hadi wa mwisho. Ya jani ina udongo ndani yake, ina nyasi kavu, ngozi, wakati mwingine uchungu mdogo nyuma ya ulimi, na hubadilika jinsi unavyoendelea kuvuta. Aliyezoea kiko au sigara isiyo na manukato ataitambua mara moja. Mimi ilinishika. Ile ya maabara ilinichosha baada ya wiki tatu na nikajikuta nanusa sigara za wenzangu. Ya jani ilinitosheleza hadi hamu ikapungua. Sisemi itakuwa hivyo kwa kila mtu, lakini nimeona wavutaji wa zamani wengi wakienda njia hiyo.

Sasa upande wa pili wa mzani. Kuchuja munkoyo kunatoa mizizi, utamu hautoki. Kuchuja tumbaku kunatoa vumbi la majani. Sukari iliyoyeyuka, rangi na nta ndogondogo hazitoki, hata ukitumia karatasi nzuri ya kahawa. Vitu hivyo havigeuki mvuke. Vinabaki kwenye waya na kuungua taratibu hadi vinakuwa ganda jeusi kama sehemu ya chini ya sufuria iliyosahauliwa juu ya mbabula. Likidi ya maabara isiyotiwa utamu inaacha ganda dogo sana. Ila angalia: ikiwa imetiwa sukralozi, ile sukari bandia, itachafua koili haraka kama ya jani, pengine zaidi, ingawa ndani ya chupa inaonekana safi. Kwa hiyo msihukumu kwa rangi peke yake. Vuta mara chache: midomo ikibaki na utamu unaonata, utambi nao utanata.

Na kuna jambo la afya ambalo wauzaji hulipita. Jani likilowekwa haliachi ladha peke yake. Nitrosamini, kemikali za kuleta saratani ambazo huzaliwa wakati tumbaku inakaushwa, huweza kufuata ndani ya likidi, kwa kiasi kidogo mno ukilinganisha na moshi wa sigara, lakini zipo. Neno "asili" kwenye chupa linasema likidi ilitoka wapi. Usalama ni hesabu nyingine. Ya maabara nayo ina swali lake: ladha za siagi na krimu zimewahi kutengenezwa kwa diasetili, kemikali iliyoharibu mapafu ya wafanyakazi wa viwanda vya bisi huko Marekani. Nunua chupa inayotaja wazi kwamba haina.

Jani lipi?

Hapa wengi wanakosea, kwa sababu wanadhani majani yote yanachafua sawasawa. Hapana.

Virginia hukaushwa ndani ya banda lenye joto kwa takriban wiki moja. Joto hilo linalisimamisha jani likiwa bado na sukari nyingi. Ndiyo maana Virginia ni tamu, ina harufu ya majani makavu na asali, na ndiyo maana inaziba utambi kuliko ndugu zake. Burley hutundikwa kwenye kivuli kwa majuma kadhaa. Jani linaendelea kupumua polepole na kula sukari yake hadi karibu iishe. Ladha yake ni kavu, ya karanga na kakao, na waya unaishi zaidi. Sisi wa Katanga tumekaa katikati ya mabingwa wa majani haya: Zimbabwe inajulikana kwa Virginia, Malawi kwa Burley. Chupa zetu, hata hivyo, zinatengenezwa mbali na kutufikia kwa barabara ya mpaka wa Kasumbalesa kama bidhaa nyingine nyingi.

Tumbaku za mashariki, za Uturuki na Ugiriki, ni majani madogo ya kuanikwa juani, yenye harufu ya viungo. Latakia, ile ya Kupro, hukaushwa kwa moshi wa kuni; anayependa samaki wa moshi ataipenda, wengine hawataivumilia chumbani. Perique ya Louisiana hushindiliwa kwenye mapipa hadi ichachuke, nayo hutumika kidogo, kama pilipili. Hizi tatu huja zimechanganywa na Virginia mara nyingi, kwa hiyo hesabu ya usafi inabaki ya Virginia.

Kwangu mimi, nikivuta karibu mililita 3 kwa siku, Virginia inaniomba pamba mpya kila siku ya tatu au ya nne. Burley inafika wiki. Ya maabara isiyo na utamu inafika wiki mbili bila kulalamika. Kama huna dakika kumi mara mbili kwa wiki, jibu lako unalo tayari.

Utambi: mahali ambapo kila kitu huamuliwa

Wazee wetu waliotumia taa za mafuta walijua kwamba taa inayotoa moshi mweusi haina shida ya mafuta. Ina shida ya utambi. Hapa ni vilevile, na sababu yake ni ya kupimika. Propileni glikoli huchemka kwenye nyuzi 188, gliserini kwenye nyuzi 290. Maadamu utambi umelowa, waya hauwezi kupanda juu sana kupita hapo, kama vile sufuria ya maji ya bukari isivyoungua hadi maji yakauke. Utambi ukikauka, au ukizibwa na ganda la sukari, joto la waya linaruka ghafla. Pamba inaungua, na gliserini yenyewe inavunjika kuwa sumu, akrolini na fomaldehaidi. Ile ladha chungu inayokwaruza koo ndiyo habari hiyo. Ukiisikia, simama hapohapo. Usijikaze kuvuta umalize chupa kwa sababu uliilipia.

Kati ya pamba na rayoni, wapenzi wa likidi ya jani wamegawanyika, nami nimetumia zote mbili muda wa kutosha kuwa na upande.

Pamba inapatikana. Farmasi yoyote kuanzia katikati ya mji hadi Katuba ina pamba ya hospitali inayonyonya maji. Chagua isiyo na manukato, ichemshe dakika 15 katika maji safi, ikamue kwa mikono misafi, ianike ndani ya nyumba mbali na vumbi. Usitumie vile vibonge vya pamba vya rangi vya kupangusia uso wala pamba ya godoro. Pamba ikilowa inavimba, kwa hiyo ukiipitisha ndani ya koili inatakiwa iteleze kwa kukwaruza kidogo tu. Ukiibana, likidi haipiti na utaungua. Ukiilegeza sana, tangi litamwaga. Siku ya kwanza ina ladha yake yenyewe, kama kitambaa kipya, kisha inatoweka.

Rayoni hutokana na mbao: selulosi inayeyushwa, inavutwa kuwa nyuzi. Haivimbi kama pamba, ndiyo maana huwekwa kwa kubanwa zaidi. Anayeipachika kama pamba atapata tangi linalovuja na atailaumu bure. Inapitisha likidi haraka, haina ladha ya kitambaa siku ya kwanza, na kwa likidi nyeusi imenipa siku moja au mbili zaidi kabla ya ladha kufifia. Ubaya wake ni kwamba hapa mjini haipatikani kwa urahisi. Lazima uagize, na ukiishiwa Jumapili jioni unarudi farmasi.

Basi kwa anayeanza na jani: pamba. Jifunze mkono wako kwanza kwenye kitu unachoweza kuharibu mara ishirini bila kujuta. Ukishajua kusikia utambi uliokaa sawa, agiza rayoni, utaona faida yake. Kwa anayevuta likidi ya maabara sioni sababu ya kuhangaika na rayoni hata siku moja. Silika, zile tambi za kioo za mashine za kwanza, ziache. Seramiki inatoa ladha safi sana, lakini vitundu vyake vikishazibwa na sukari ya Virginia huwezi kuvifungua. Kwa jani ni hasara.

Mikia ya utambi ikate iguse tu sakafu ya tangi mahali pa mashimo ya likidi, isishindiliwe. Halafu tia matone ya likidi juu ya utambi wote, subiri dakika tano, ndipo uwashe. Jirani yangu alisubiri sekunde kumi.

Waya

Hapa nitakuwa mfupi, ingawa ndiyo kazi yangu. Nyaya tatu zinatosha kufahamu.

Kanthal, mchanganyiko wa chuma, kromi na alumini uliozaliwa Uswidi, ni mgumu, unavumilia kusafishwa, na ukinzani wake kwa umeme, unaopimwa kwa omu, ni mkubwa. Ukizungusha waya wa milimita 0.32 mara 6 kwenye sindano ya milimita 2.5, na ukihesabu miguu yake, unapata karibu omu 1.1. Betri iliyojaa, ya volti 4.2, itatoa wati 16 hapo. Ikishuka hadi volti 3.7, wati 12 na kidogo. Hapo ndipo jani linapendeza: mvuto mdogo, joto la wastani, ladha nzito. Nikromu ya nikeli 80 na kromi 20 inapata moto haraka zaidi, lakini kwa mizunguko ileile inashuka hadi kama omu 0.85, na mwenye mzio wa nikeli aikwepe. Chuma cha pua cha 316L kinashuka zaidi, karibu omu 0.6, na faida yake kubwa ni kwenye mashine zinazoweza kudhibiti joto: utambi ukianza kukauka, mashine inapunguza nguvu yenyewe. Kwa mtu anayesahau mambo, huo ni ulinzi wa kweli.

Ukiwa na likidi ya jani chukua Kanthal, au 316L kama mashine yako inadhibiti joto. Wavutaji wa mawingu makubwa hutumia omu 0.2 na wati 80. Ukitia Virginia humo, utachoma likidi ya wiki nzima kwa siku moja na kuishi unabadilisha pamba.

Kusafisha: toa utambi mchafu, washa koili tupu kwa nguvu ndogo, mapigo mafupi, hadi ganda likauke na waya uanze tu kuonyesha wekundu hafifu. Zima, uache upoe, upige mswaki laini chini ya maji, uukaushe. Usiufikishe kwenye rangi ya chungwa inayowaka. Waya unachakaa na metali zake huenda zikaingia kwenye mvuke. Titani na nikeli tupu haziunguzwi hivyo kamwe. Mimi koili moja naisafisha mara tatu, ya nne naitupa. Waya ni senti chache, na mapafu sina mengine.

Koili za kununua au za kujifungia?

Vichwa vya koili vilivyo tayari ni safi, havihitaji ufundi, na kwa likidi ya maabara vinaishi vizuri. Kwa likidi ya jani ni feza inayotoka kila wiki, kwa sababu utambi wake umefungiwa ndani, huwezi kuubadilisha. Nimeona watu wanavichemsha na kuvirudishia. Ladha inarudi nusu na kuondoka kesho yake. Tangi la kujifungia, yaani lile unalofungia koili na utambi wewe mwenyewe, linagharimu zaidi siku ya kwanza, kisha kinachobaki ni waya na pamba. Jani na tangi la kujifungia vinakwenda pamoja. Mwenye kupenda podi, zile mashine ndogo zenye kasha la kutumia na kubadilisha, abaki na ya maabara isiyo na utamu, na hatakuwa amekosea kitu.

Juni si Oktoba

Vitabu vya mbali havitakuambia hili. Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa Lubumbashi huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Gliserini inakuwa nzito kama asali, na utambi uliokuwa sawa mwezi wa nne unaanza kukauka asubuhi. Kwa majira hayo chukua mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa glikoli na gliserini, na ukate mikia ya utambi iwe myembamba kidogo. Oktoba joto linapozidi nyuzi 30 likidi hiyohiyo inakuwa nyepesi na tangi linalia machozi mfukoni; hapo ongeza gliserini, au ongeza pamba. Na vumbi letu jekundu la kiangazi lisisahauliwe: fungia tambi zako kwenye kopo lenye kifuniko. Utambi uliolala juu ya meza ya karakana mwezi wa nane umeshakuwa mchafu kabla haujaonja likidi.

"Na mimi mwenyewe siwezi kuloweka?"

Jirani aliuliza, kama kila mtu anavyouliza, kwa kuwa majani yanauzwa sokoni kwa mafungu. Nilimkataza. Jani la sokoni hujui lilipigwa dawa gani shambani, huoni ukungu wake wote, na huna kipimo cha nikotini itakayotoka. Lutuku, pombe yetu kali ya kienyeji, si pombe safi ya kulowekea. Mafuta ya kupikia ndiyo hatari kubwa kabisa: mafuta yakiingia mapafuni kwa mvuke huleta ugonjwa wa mapafu. Chochote chenye mafuta kisiingie kwenye tangi. Chupa za nikotini ziwe juu, mahali mtoto hafiki, na likidi ikimwagika mkononi ioshe mara moja, kwa maana nikotini hupita kwenye ngozi.

Aliyochukua

Nilimwambia hivi. Ukiwa unataka kuacha sigara bila kujifunza kitu kipya: ya maabara, isiyo na utamu, podi yenye koili iliyo tayari. Ukiwa ulimi wako unadai tumbaku na mikono yako haichoki: jani, tangi la kujifungia, Kanthal ya omu moja na kidogo, pamba ya farmasi. Anza na Burley, Virginia ije baadaye.

Alichukua ile nyeusi, ambayo ilikuwa Virginia, kwa sababu alikuwa ameshailipia. Siku ya tatu alirudi na utambi mweusi kama lami na koo linamwasha. Tulikaa nje ya karakana, tukafungua tangi, nikamwonyesha kukata, kupitisha na kusubiri. Chupa iliyofuata ilikuwa ya Burley. Sasa anabadilisha pamba yake kila Jumamosi, kabla ya kwenda kunyolewa, na tangu mwezi wa saba sijamwona na sigara. Chupa nyeupe hakuitupa. Anaitia kwenye begi pamoja na podi yake ya zamani anapopanda gari la Kolwezi, siku ambazo hana mahali pa kufungulia tangi njiani.